Tani Kumi na Tatu

Katika karakana ile, kreni haikugusa chuma chochote kabla Pimamaji hajaandika uzito wake kwa chaki ubavuni. Jina hilo, la kifaa cha fundi cha kupimia usawa, walimbandika kwa ubishi wake. Hata meza ya chai aliikagua kama imelala sawa. Jumanne asubuhi aliandika 41 kwenye boriti ya kwanza ya daraja, kisha akaenda kuomba iletwe kreni kubwa.

Injinia akamkatiza mlangoni. Kreni iliyokuwepo mwisho wake tani thelathini, na trela la kubebea boriti lilikuwa limeziba geti tangu alfajiri.

"Andika ishirini na nane."

"Bosi, hiki chuma hakijui kusoma."

"We andika tu. Mbona unatuchosha?"

Wiki nzima alikuwa amebishana: kamba ya waya iliyochakaa, boriti zilizolazwa kwenye tope bila magogo chini. Alichoka hadi mate yakawa machungu. Akafuta, akaandika 28 kwa mwandiko wa hasira.

Kumbe chuma kilijua kusoma. Kreni ikakiinua bila kuguna, tani ishirini na nane kamili. Zile kumi na tatu zilizobaki zilimwingia Pimamaji kupitia mkono wa chaki, na buti zake zikazama kwenye zege. Dereva wa kreni akampigia honi apishe njia.

Nyumbani kwake ni ghorofa ya tatu. Ngazi ya kwanza ikavunjika, ya pili nayo, na mwenye nyumba akatoka na kandambili zake kumkataza asijaribu ya tatu. Mkewe akachungulia kutoka juu.

"Nini tena, baba Tatu?"

"Tani kumi na tatu, za kazini."

"Zirudishe huko huko! Mtoto halali mpaka umbebe, hujui?"

Alijua. Alilala chini, kando ya tangi la maji, akimsikia binti yake akilia, na alijichukia kuliko alivyomchukia injinia.

Asubuhi akaomba namba ifutwe. Injinia akafungua faili, akapekua bila haraka.

"Boriti imeshapokelewa, ishirini na nane, na sahihi ipo. Sasa nikurudishie nini?" Kisha akamwangalia Pimamaji, akaiangalia kreni, akamwangalia tena. "Wewe ndiye tuliyekukosa siku zote."

Kreni huhitaji kitu kizito nyuma ili isipinduke. Walimpandisha Pimamaji nyuma ya kreni kwa jeki, wakamchomelea kibao cha kukanyagia, wakamfunga mkanda. Tangu hapo aliandikia boriti uzito wake wa kweli, na kreni ya tani thelathini ikabeba arobaini na moja. Kreni kubwa haikuagizwa, na kamba ilikuwa ile ile.

Zilikuwa zimebaki boriti saba, na baada yake daraja la pili.

Jioni mkewe akaja karakana na mtoto mgongoni. Akapanda ngazi ya kreni, akamkabidhi. Mtoto akalaza kichwa begani mwa baba yake, akapiga mwayo, kope zikaanza kulegea. Boriti ya pili ilikuwa hewani.

Injinia akatoka ofisini na faili.

"Huyo mtoto ashuke. Kilo zake hazijaandikwa."

Pimamaji hakuwa na chaki mfukoni ya kuziandika. Mkewe akampokea mtoto, naye mtoto yuko macho tena.