Mzima Namba Kumi na Nne

Usaili ulikuwa unakwenda vizuri mno, na hilo peke yake lilitosha kumtia mtu wasiwasi. Watatu walikuwa upande wa pili wa kompyuta, nchi nyingine kabisa, naye, mtafiti aliyesailiwa, alikuwa upande huu, amejibanza katika stoo ya maabara kwa sababu ndiko mtandao ulikokuwa na nguvu. Wawili walikuwa wameshaanza kutabasamu. Wa tatu, profesa mmoja mwanamke mwenye sauti ya upole, alikuwa bado anafunua kurasa.

"Nina swali dogo tu," alisema profesa. "Ulichukua damu ya wagonjwa arobaini, na ya wazima ishirini wa kulinganisha nao. Kwenye mchoro wako nahesabu wazima kumi na tisa. Mmoja yuko wapi?"

"Namba kumi na nne. Sampuli yake iliharibika."

"Iliharibikaje?"

"Nadhani ilikaa nje ya friza."

"Unadhani," profesa alirudia, bila ukali wowote. "Basi tuletee majibu yake hivyohivyo yalivyo, pamoja na maelezo, kabla ya Ijumaa. Hapo ndipo tutaamua."

Kioo kikawa cheusi. Alibaki akijitazama humo, mtu mzima na shahada yake ya uzamivu, akijiona kama mwanafunzi aliyekamatwa anachungulia daftari la jirani.

Nafasi yenyewe ilikuwa ya miaka miwili, utafiti wa baada ya uzamivu katika taasisi kubwa ya magonjwa ya moyo na kinga ya mwili. Aliiomba mara mbili akatoka kapa. Masharti yalisema mwombaji asiwe amepitisha miaka miwili tangu ahitimu, na miwili yake ilikuwa inaisha mwaka huohuo. Akikosa safari hii, basi tena. Angerudi kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza namna ya kuosha vichupa mpaka astaafu.

Na kazi yake aliipenda, hilo lazima lisemwe. Alichunguza vile mtoto anavyougua koo, akapona, akasahau, kumbe kingamwili zilizotumwa kupambana na vijidudu zimeugeukia moyo wake mwenyewe. Ni kama walinzi waliowamaliza wezi, kisha wakaanza kubomoa milango ya mwenye nyumba. Vali za moyo, vile vilango vya kupitishia damu, huliwa taratibu, mwaka baada ya mwaka, na mwenye moyo hana habari. Nyumbani maelezo hayo hayakumsaidia kitu. Ndugu walimletea magoti na vichomi vyao, naye akawaambia yeye si daktari wa namna hiyo. Mdogo wake, msusi mwenye ulimi mwepesi, ndiye aliyembatiza jina la Daktari wa Vichupa, na likamganda.

Sasa Daktari wa Vichupa alikuwa na siku nne. Alijua vizuri alichokifanya. Miaka miwili nyuma, majibu yalipotoka, wazima wote walikuwa chini wamejipanga kwa adabu, isipokuwa namba kumi na nne, aliyepanda juu kabisa, katikati ya wagonjwa mahututi. Utaratibu wa maabara ulikuwa wazi: kabla ya kusema neno, toa kichupa cha akiba, upime upya. Lakini ilikuwa wiki ya kuwasilisha tasnifu, maji yalikuwa yamemfika shingoni, na kile kitone kimoja kiliuharibu mchoro wote. Akaandika "imeharibika", akakifuta. Mchoro ukapendeza. Msimamizi wake alimsifu.

Kichupa cha akiba bado kilikuwepo, chini kabisa ya friza, kimevaa barafu. Alikipima Jumanne. Akakipima tena mchana, kwa kutoamini. Namba kumi na nne alipanda palepale.

Damu haikuwa imeharibika. Mtu ndiye aliyekuwa mgonjwa.

Majina hayakuwa kwake. Ndivyo walivyofanya kazi pale: nesi anatoa damu, mtunza maabara anabandika namba bila kufuata zamu ya kufika, na kitabu cha majina kinafungiwa kabatini ili mtafiti asimpendelee yeyote. Mtunza maabara huyo waliyemwita Mzee Funguo hakuwa mtu wa kubembelezwa.

"Mzee wangu, naomba unifungulie kitabu."

"Sheria unaijua, mwanangu. Labda kama kuna mtu yuko hatarini."

"Yupo."

Mzee alimtazama kidogo, akatoa funguo. Alipofika kwenye ukurasa hakusoma kwa sauti. Alikigeuza tu kitabu na kumsogezea. Sahihi iliyokuwa mbele ya kumi na nne ilikuwa imelalia kushoto, na hakuhitaji kusoma jina. Ule mwandiko aliufundisha yeye mwenyewe, juu ya meza ya jikoni, mdogo wake akiwa na miaka sita.

Alikumbuka yote kwa mkupuo. Alikuwa amepungukiwa na mtu mmoja tu, akampigia simu mdogo wake amkopeshe mkono. Msusi alikuja mbio kati ya wateja wawili, chanuo bado limechomekwa kichwani, akamwambia nesi asimnyonye yote, ambakizie ya kurudia kazini. Tangu hapo alihamisha saluni kutoka ghorofani kwa sababu ngazi zilimchosha. Siku hizi alilalia mito mitatu. Miguu ilimvimba, na kwa kuwa alikuwa na mimba ya miezi saba, kila mtu alisema ni mimba. Hata yeye, msomi wa moyo, alisema ni mimba. Alimshauri anywe maji. Aliona aibu mpaka akashindwa kunyanyua uso mbele ya Mzee Funguo.

Asubuhi iliyofuata alikuwa mlangoni mwa saluni kabla haijafunguliwa.

"Twende kliniki, nikusindikize."

"Kuna nini, dada?"

"Hakuna kitu. Miguu yako tu imenikaa vibaya rohoni."

Daktari wa moyo alisogeza kipimo kifuani mwa msusi kwa muda mrefu, kisha akamwita dada mtu pembeni. Vali ilikuwa imekakamaa na kuziba karibu yote. "Angekuja miaka miwili iliyopita," alisema, "tungemwanzishia sindano za kila mwezi na kumzibua vali kabla hajabeba mimba." Dada mtu aliitikia kwa kichwa. Hakusema kwamba miaka miwili iliyopita damu ilikuwa imeshakuja, tena mikononi mwake.

Ijumaa aliwaandikia wasaili kila kitu, kwamba hakurudia kipimo, kwamba kitone alikifuta kwa sababu kilimkera. Hakusema tu ni damu ya nani. Watu asiowajua aliwaeleza ukweli, mdogo wake akamficha.

Jumatatu msusi alizidiwa, wakamzalisha kwa upasuaji. Mtoto alikuwa wa kike. Aliishi siku nne.

Jibu la profesa lilifika wiki ya tatu. Wamempokea. Kosa lake lilikuwa kubwa, aliandika, lakini amelikiri, na namba kumi na nne ndiye mtu hasa waliyekuwa wakimtafuta, mgonjwa asiyejijua. Je, mshiriki huyo bado anapatikana? Wangeomba damu yake tena, kama ataridhia.

Alikwenda na barua hiyo hadi wodini. Msusi alikuwa ameegemea mito, akisubiri zamu yake ya upasuaji wa moyo, kifua bado kimefungwa kitambaa kwa ajili ya maziwa yasiyo na wa kuyanyonya. Dada alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akamweleza yote, tangu kitone mpaka barua. Hakujitetea.

"Nilijua kuna jambo," msusi alisema. "Miezi saba hukunisindikiza kliniki hata mara moja. Halafu siku hiyo ukaja hata nywele hujachana."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Kwa hiyo nafasi umeipata."

"Nimeipata."

"Na wanataka damu yangu."

"Ukikataa ni haki yako. Sitakulaumu, na mtu yeyote asikulaumu."

Msusi akapandisha mkono wa gauni la hospitali na kuunyoosha mkono wake juu ya shuka, kiganja juu.

"Chukua," alisema. "Ila safari hii uisome."