Ubao Unaopungua

"Vuta, kaka. Taratibu tu, mimi nipo."

Msumeno ulikwama tena. Kaka mtu aliung'ang'ania mpini kwa mkono wa kushoto, jasho likimchuruzika hadi kidevuni. Wa kulia ulining'inia tu ubavuni, hauna habari. Kabla ya kiharusi, ndugu hawa wawili walikuwa wakishika msumeno mmoja, huyu huku na yule kule, wakiondoa magome na kuziacha mbao na kingo mbili zilizonyooka, sambamba mwanzo hadi mwisho, huku wakitaniana. Mtaani waliitwa Reli.

Leo mstari wa chaki ulikwenda njia yake, na msumeno njia yake.

Mdogo mtu aliona. Alijaribu kuurudisha, lakini kila alipokaza, kaka alipepesuka. Akalegeza. Amwambie nini? Asubuhi shemeji yake alimshika mkono mlangoni: "Tafadhali, usimrudishe nyumbani. Huku anashinda akitazama ukuta. Leo ndiyo mara ya kwanza kuulizia viatu vyake."

Mchana alikuja mwalimu aliyeagiza rafu za darasa. Aliuinua ubao usawa wa uso, akafumba jicho moja.

"Mafundi, mbona huu umepinda?"

"Ni mimi," mdogo mtu aliwahi. "Sikulala vizuri."

"Basi unyoosheni. Nitapita jioni."

Alipoondoka, kaka alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Tangu lini wewe ukajua kudanganya? Utotoni ulikuwa unakana wizi na sukari imekujaa mashavuni."

Mdogo mtu akainama, akapangusa vumbi la mbao kwenye ubao.

Kaka akapitisha vidole kwenye ukingo, polepole, hadi pale msumeno ulipoanza kupotea. Vikatua hapo. Vikakaa.

"Piga mstari mwingine."

Akaupiga, ndani kidogo ya ule wa kwanza. Wakapasua. Ukingo ukapinda tena.

"Mwingine."

"Kaka, tupumzike kidogo. Tunywe hata maji."

"Nimesema mwingine, bwana mdogo."

Mdogo mtu akafunga uzi uliopakwa chaki kwenye msumari, akaunyoosha, akauachia. Vumbi la chaki likaruka. Ubao sasa haukuzidi upana wa kiganja. Kaka alikwisha kushika mpini, macho kwenye mstari mpya, miguu ameitanua ili asianguke, akimngoja.