Gongo la Mchezaji Bora

Kahin alikuwa mtu wa kushuku, na hakuficha. Ukimpa chai ya bure ataitazama kwanza, akutazame na wewe, kisha aulize nani mwingine ameinywa. Wenzake katika lile jengo la maduka pale Eastleigh walimcheka, naye aliwaacha wacheke. Kitambulisho cha Kenya, nchi aliyozaliwa yeye na baba yake, Wasomali wa hapo hapo, alikipata baada ya miaka mitatu ya kuambiwa rudi kesho, leta cheti cha babu, leta na cha babu wa babu. Mtu aliyepitia hayo usimwambie achekecheke tu anapofungiwa mlango.

Kazi yake, ajabu, ilikuwa kuandika majina ya washindi. Duka lake finyu la ghorofa ya pili lilikuwa na vikombe, medali, mihuri na vibao vya milangoni, na nyuma kabisa mashine ya leza ya kuchomea maandishi kwenye bati, kioo na mbao. Vyuo na shule nyingi za Eastlands zilimjua, kwa sababu hakuwahi kukosea jina la mtu hata herufi moja.

Jumatatu moja asubuhi akaingia Mwalimu Zedekiah, kocha wa besiboli wa chuo cha ufundi alichosoma Mumin, kifungua mimba wa Kahin. Besiboli! Miaka mitatu nyuma Kahin hakuijua hata kwa jina. Mumin akaanza kurudi nyumbani magoti yamechubuka, akieleza jinsi mrushaji anavyosimama katikati ya uwanja na kumrushia mpigaji mpira mdogo mgumu, na mpigaji akiukosa mara tatu na gongo lake mkononi, basi ametoka. Sasa Kahin alijua mambo yote. Alijua kuwa msimu huu Mumin ametoa wapigaji sitini na mmoja, na kwamba mrushaji wa pili chuoni hajafika hata thelathini. Alijua pia habari ya Japani. Chuo kimoja cha huko kilikuwa kimeahidi nafasi ya mwaka mzima, masomo na mazoezi, kila kitu juu yao, kwa yule atakayetangazwa Mchezaji Bora wa Mwaka. Nafasi moja tu. Mumin alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa Kijapani akioga.

"Habari ya asubuhi, Baba Mumin," Zedekiah akasema. "Tuzo zetu hizi hapa. Naziomba kabla ya Ijumaa. Jumamosi tunacheza fainali, na Jumamosi inayofuata tunazitoa ukumbini Kaloleni."

Kahin akaipokea karatasi. Tuzo zilikuwa sita. Mpigaji Bora, fulani. Mdakaji Bora, fulani. Mchezaji Chipukizi, fulani. Alipofika Mrushaji Bora, macho yakamganda. Austine Okoth. Akarudia kusoma kutoka juu, polepole, kidole kikifuata mstari. Jina la Mumin halikuwepo popote.

"Mwalimu, huyu Austine ndiye mrushaji wenu bora?"

"Makocha tumekaa, tukakubaliana hivyo."

"Na Mchezaji Bora wa Mwaka? Simwoni hapa."

Zedekiah akatazama vikombe rafuni, akatazama simu yake, akatabasamu kidogo. "Hiyo usijali, mzee wangu. Hiyo inatengenezwa kwingine."

Kwingine! Kwa miaka kumi na miwili chuo kile hakikuwahi kuandikisha tuzo kwa fundi mwingine, hata kibati cha mlango wa choo kilitoka kwa Kahin. Leo tuzo kubwa kuliko zote inapelekwa kwingine, na mwenye kuipeleka anaangalia simu. Kahin aliandika risiti, akamsindikiza mwalimu hadi ngazini, akarudi akakaa mbele ya mashine bila kuiwasha. Roho ilimwambia kuna kitu hapa kinanuka.

Jumatano akapata la kumwongezea. Mohamednur, muuza viatu wa duka la pili, alikuwa ametoka Gikomba kununua mzigo. "Nimemwona yule kocha wa Mumin kwa Wangu, yule mama wa mbao," akasema. "Alikuwa na gongo limefungwa kwa kitambaa, gongo zuri, jeupe, kama la Wazungu. Nikamsalimia. Wallahi, alilifunika kwa mkono haraka kama mtu aliyefumaniwa."

"Uliona jina?"

"Ningeona vipi na mkono uko juu yake?"

Kahin alifunga duka saa nane mchana, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya mafua, akashuka hadi Gikomba. Wangu alikuwa anapiga msasa kiti cha mtoto, mavumbi ya mbao yamemjaa kwenye nyusi. Walijuana vizuri, walikuwa wakitumiana wateja miaka na miaka. Kahin akamsalimu, akamuuliza habari za nyumbani, kisha akamuuliza habari za gongo.

Wangu akaacha msasa. "Aka, Kahin. Hilo usiniulize."

"Kwa nini nisikuulize?"

"Nimeambiwa nisimwonyeshe mtu." Akajipangusa mikono kwenye aproni, akacheka, halafu akajuta kucheka. "Hasa wewe."

Hasa wewe! Basi alitaka ushahidi gani tena? Njia nzima ya kurudi Kahin alikuwa akilitafuna neno hilo, na kadiri alivyolitafuna ndivyo lilivyozidi uchungu. Wangelificha kwake kwa nini, kama jina lililo juu yake ni la haki? Wanajua baba yake Mumin anasoma, anahesabu, na ana mdomo. Wamemwendea mama wa mbao ili baba huyo afumbuke macho ukumbini, watu wakipiga makofi, wakati hakuna la kufanya.

Alhamisi Austine mwenyewe akaja kuchukua vile vikombe sita. Kijana mrefu, mcheshi, wa kule Kaloleni. "Sasa, mzee wangu," akasema. "Anko Zedekiah amenituma. Anasema ahsante sana."

"Anko?"

"Eeh, anko." Akainua kikombe chake mwenyewe, akasoma jina, akatikisa kichwa. "Lakini hii ya kurusha, haki ya Mungu, si mimi. Mumin ndiye mnoma. Mimi hata sijui wamefikiria nini."

Mwingine angesikia hapo kijana mkweli anayemsifu rafiki yake. Kahin alisikia mpwa wa kocha akijikosha kabla hajapewa gongo na Japani yake. Alimfungia vikombe kwa magazeti, akihakikisha hakuna kilichokwaruzwa. Kazi yake hakuiharibu, hata kwa hasira.

Usiku ule, sahani zikiwa bado mkekani, akamweleza Mumin kila kitu. Karatasi, gongo, Wangu, anko. Batulo, mke wake, aliacha kumimina chai katikati ya kikombe.

"Baba Mumin, umeliona hilo jina kwa macho yako?"

"Nimeona wanavyolificha."

"Sikukuuliza hilo. Nimekuuliza umeliona?"

"Batulo, watu hawa nawajua. Mtu wetu atatoka jasho, atawashindia, na siku ya tuzo kutakuwa na karatasi moja haijakamilika. Mimi nimezaliwa jana?"

Mumin alikuwa akichezea kovu la kiganjani, kiganja cha kurushia. "Aabo, kocha hawezi. Ananiambia kila siku nijipange, niwe na pasipoti."

"Na kikombe cha mrushaji? Wapigaji sitini na mmoja, Mumin. Nimekiandika mimi mwenyewe, kwa mkono huu, jina la mwingine."

Hapo kijana akainamisha kichwa. Baba yake alikuwa mkali, alikuwa msumbufu, lakini hakuwahi kumdanganya. Akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa nifanye nini?"

"Mimi ningekuwa wewe, Jumamosi nisingewarushia hata mpira mmoja. Na ningewaambia kwa nini, mbele ya watu."

Batulo akainuka na birika lake, akaenda jikoni, na mlango wa jikoni ukagonga.

Jumamosi Mumin alirudi nyumbani saa tano asubuhi bila jezi. Alikuwa ameivua mbele ya timu nzima, akaitupa miguuni mwa Zedekiah, akamwambia ampe mpwa wake, yeye na Japani yao. Aliyasimulia haya akiwa amesimama mlangoni. Kahin alimshika mabega yote mawili. Alimwambia amefanya kiume. Alisikia fahari hasa, fahari ya miaka mitatu ile ya kuambiwa rudi kesho, kana kwamba mwanawe amewajibu wote kwa mara moja. Mchana wakasikia kwamba chuo kimefungwa fainali vibaya. Mumin aliingia chumbani akajifunika shuka hadi kichwani.

Jumanne, kabla ya adhuhuri, Zedekiah akapanda ngazi. Alikuwa peke yake, na mkononi alikuwa na kitu kirefu kilichofungwa kwa kitambaa cha kijani. Kahin alijiandaa kwa vita. Maneno yote alikuwa nayo, ameshayapanga tangu Jumamosi.

"Nina kazi ya kufuta jina na kuandika lingine," Zedekiah akasema, akakilaza kile kitu juu ya meza. "Ningempelekea Wangu. Lakini nimeona ni haki yako ulione kwanza kabla halijafutwa."

Kahin akakifungua kitambaa. Mti wenyewe ulikuwa mweupe, laini, mzito kwa adabu. Maandishi yalikuwa ya mkono wa Wangu, yamechorwa vizuri hata yeye asingeweza kuyachora vile. MCHEZAJI BORA WA MWAKA. Na chini yake, MUMIN KAHIN.

Akapitisha kidole juu ya herufi, moja moja.

"Gongo lilitoka Japani kwa hao wenyeji wake," Zedekiah akasema. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nikasema, huyu mzee ameandika majina ya watoto wa watu miaka yote. La mwanawe asiandike yeye. Alione ukumbini, kama mzazi mwingine yeyote. Nikamwambia Wangu amfiche kila mtu, hasa wewe."

"Na kikombe cha mrushaji?" Kahin akauliza. "Austine?"

"Mwaka jana kijana mmoja alibeba vikombe vinne, wazazi wakatukaba koo. Mwaka huu tukakubaliana, atakayekuwa Mchezaji Bora asipewe kingine. Kila kilichobaki kikaenda kwa wa pili."

"Mpwa wako."

"Mama yake Austine ni jirani yangu, Baba Mumin. Watoto wote wa mstari wetu Kaloleni wananiita anko. Hata wale wanaoniibia maembe." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Chuo kina sheria. Anayeitelekeza timu siku ya mchezo hapewi tuzo mwaka huo. Nimewaomba Jumapili, nimewaomba jana. Nimewaambia kijana amepotoshwa. Wakaniuliza, amepotoshwa na nani? Nikanyamaza. Mtu wa Japani anataka jina leo jioni. Austine amekataa mara mbili, anasema gongo ni la Mumin. Mara ya tatu nimemlazimisha, kwa sababu nafasi ikirudi haiji tena kwetu."

Kahin alitafuta kitu cha kushuku. Ndiyo, hata hapo, alitafuta. Alilitazama gongo, akaitazama sura ya mwalimu yule aliyekosa usingizi, akatafuta ufa hata mdogo wa kuingiza kidole. Hakuupata. Alitaka kusema samahani.

"Nitakwenda kwao mimi," akasema mwishowe. "Nitawaambia ni mimi niliyemwambia."

"Nenda. Lakini Japani ni leo." Zedekiah akaisogeza karatasi yenye jina la Austine Okoth hadi ukingoni mwa mkono wa Kahin. "Nitalipitia saa kumi."

Alipobaki peke yake, Kahin alilibana gongo kwenye jiliwa, akakunja msasa, akaanza. Aliisugua M, akaisugua U. Wangu alikuwa amechora kwa kina, mtu aliyechora jina akitaka lidumu, na kila herufi ilikataa kabla ya kuondoka. Machozi yalikuwa yakimdondokea mkononi na kuchanganyika na unga wa mbao, na hakuyafuta, kwani mikono yote miwili ilikuwa kazini. Neno la kwanza lilipokwisha alisimama kupumua.

Ndipo Mumin alipotokea mlangoni, na bakuli la chakula kutoka kwa mama yake. Alikuwa hajanyoa wala kuchana nywele tangu Jumamosi. Akaweka bakuli juu ya kioo cha medali, akasogea, akainamia jiliwa. Aliyasoma maandishi yaliyobaki, MCHEZAJI BORA WA MWAKA, na chini yake, upande wa kulia, jina moja peke yake.

"Kahin," akasoma kwa sauti, karibu acheke. "Aabo, mbona gongo limeandikwa jina lako?"

Kahin angeweza kumwambia lolote. Kijana angeliamini, kama alivyoliamini lile la Alhamisi.

"Lilikuwa na lako mbele yake," akasema. "Kaa chini, mwanangu, nikueleze nilichokufanyia."