Donge la Haya

Kitumbua kimoja cha pweza kilipobaki katikati ya sahani, nilijua jioni yangu imeharibika.

"Tumalize kula kwanza, ndipo tuzungumze," Mzee Kuwabara alikuwa ameniambia, pale nilipofungua mdomo kumwomba anioze binti yake, Chinami. Keshokutwa nilikuwa nahamia Sapporo, kaskazini kabisa, kwenye kazi ya kuezeka mapaa, na niliapa sitaondoka Osaka bila jibu. Kwa hiyo nilikula kama mtu anayefukuzwa.

Lakini kimoja kikabaki. Kwetu Osaka tunakiita donge la haya: kile cha mwisho, ambacho kila mtu anakitamani na hakuna anayethubutu kukigusa.

"Kijana, kula hicho," alisema Mzee.

"Nimeshiba, Mzee. Labda Mama," nilisema, nikimgeukia mkewe.

"Mie? Nimejaa mpaka hapa! Bibi, malizia wewe."

"Kizee kama mimi nitakiweka wapi?" alisema Bibi Fumie, mama yake Mzee. "Mpeni Chinami."

"Mimi napunguza mwili, Bibi."

Mama akaona afadhali akigawe. Akakikata, nusu akamwekea mumewe, naye akaila kwa shukrani nyingi. Ikabaki nusu. Tukaanza upya!

"Bibi, kanusu tu haka," alisema Mama.

"Nimesema nimeshiba, jamani."

Chai ikamiminwa. Mzee akazungumzia besiboli, akazungumzia mvua. Kila nilipokohoa nianze maneno yangu, alitupa jicho kwenye sahani: hatujamaliza kula. Mchuzi ulikuwa umeganda. Mguu wa pweza ulichungulia kwenye unga kana kwamba unanicheka. Taifa zima linapanda treni zinazopita kama risasi, halafu watu wazima watano tumekwamishwa na nusu kitumbua!

Nikakinyakua. Kwa vidole, si kwa vijiti. Nikakitia mdomoni chote.

Wote wakanigeukia.

"Aa," alisema Bibi Fumie kwa sauti ndogo. "Ameniwahi."

"Bibi, si umesema umeshiba?" nilimuuliza, mdomo umejaa.

"Nimesema mara mbili tu. Mngenisihi mara ya tatu, ningekubali."

Chinami akafunika uso. Mama akainamia mkeka. Masikio yaliniwaka moto. Nilijiona niko juu ya paa la Sapporo, peke yangu, theluji ikiniangukia. Mzee Kuwabara akaweka kikombe chini, polepole mno.

"Washa jiko," aliniambia. "Unga bado upo. Bibi yako hajashiba."

Nusura nipige meza. Kupika tena? Kula tena? Na jibu langu je? Nikavuta pumzi nimwambie ukweli wake, Chinami akanifinya paja.

"We bwege," alininong'oneza, "hujasikia? Amesema bibi *yako*."

Nikamtazama Mzee. Alikuwa ananipa kisu na pweza mbichi, uso mkavu kama kigae. Neno lingine hakuongeza, wala hajaongeza hadi leo.

Nikapika. Nikavigeuza vitumbua kimoja kimoja kwenye vishimo vya kikaango, jasho likinitoka, na sote tukala. Kikabaki kimoja.

"Bibi, karibu."

"Nimeshiba, mjukuu wangu."

"Bibi, tafadhali."

"Wala siwezi."

Nikameza mate, na hasira pia.

"Bibi, nakusihi."

"Haya," alisema, vijiti tayari viko hewani, "kwa kuwa umenilazimisha."