Maneno Matatu Yaliyokatwa

Simu ya Grâce ilimkuta Scholastique kiwandani Xintang, nje kidogo ya Guangzhou, China, ameinama juu ya rundo la jinzi, anavuta mishono kwa vidole aone kama itashika. Mwenye kiwanda, ambaye Scholastique na wanunuzi wenzake walizoea kumwita laoban, yaani bosi, alikuwa pembeni akimhakikishia kwa Kichina cha haraka kwamba mzigo ni imara. Cherehani zilinguruma mpaka ikabidi Scholastique atoke kwenye ngazi ndipo amsikie mdogo wake.

"Yaya, tumekubali!" Grâce, ambaye humwita dada yake Yaya, alikuwa anapiga kelele kwa furaha. "Bamama wote wa soko! Tume ya Bunge la jimbo ilikuja jana. Wakauliza nani anaunga mkono mswada wa masoko, tukanyoosha mikono. Na dole gumba tukatia."

"Mmekubali nini, Grâce?"

"Mswada, Yaya. Si wewe ulisema ni mzuri? Walipita na gari lenye spika, sauti yako inasikika soko zima. Mama Flavia alilia kabisa. Alisema huyu ni mtoto wetu, yuko mbali China lakini hajatusahau."

Scholastique alishika chuma cha ngazi. "Nirushie hiyo sauti."

Ilikuja baada ya muda mfupi. Akaiweka sikioni, akasikia sauti yake mwenyewe, tulivu, ya mtu anayefundisha: "Mswada huu utaleta vyoo, maji na taa sokoni, na kila mama atapata mahali pasafi pa kuuzia bidhaa yake." Kisha muziki. Kisha sauti ya mwanamume ikawaambia wauzaji waje kwa wingi.

Aliisikiliza tena. Ilikuwa sauti yake kweli, wala hakuna neno aliloongezewa. Ila alivyosema yeye, sentensi ile ilianza hivi: "Wanaouleta wanasema kwamba mswada huu utaleta vyoo, maji na taa..." Na baada yake alikuwa ameeleza kirefu kwa nini mama yeyote mwenye kibanda asikubali.

Laoban alitoka kumuuliza kama anachukua mzigo au hachukui. Scholastique alimtazama kama vile hamjui, akashuka ngazi.

Huyu Scholastique alikuwa amesoma sheria, akafanya kazi mahakamani huko kwao mashariki ya Kongo mpaka alipochoka kufanya kazi bila mshahara, akaingia biashara ya nguo. Lakini sheria haikumtoka. Bunge la jimbo lao lilijadili kila kitu kwa Kifaransa, na Kifaransa chenyewe kilikuwa cha sentensi ndefu ambazo hata aliyesoma humaliza pumzi kabla hajafika mwisho. Watu wa soko walizijua sheria siku polisi walipokuja kuwapiga nazo. Jambo hilo lilimkera tangu zamani. Basi kila mswada ulipotolewa, aliutafuta, akausoma, akarekodi maelezo mafupi kwa Kiswahili cha nyumbani: mswada huu unataka nini, unamgusa nani, na kifungu gani cha kuangalia kwa makini.

Maelezo hayo alimpa Athanase. Athanase alikuwa na ofisi ya kusafirisha mizigo karibu na barabara ya Zhanqian, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha watu wa jimbo lao hapo Guangzhou. Ndiye aliyempokea uwanja wa ndege mara ya kwanza alipokuja, akamfundisha kusema bei na kukataa bei. Alikuwa na rafiki mwenye redio kule nyumbani. "Wewe eleza, mimi nitafikisha," alimwambia. Scholastique alimwamini kama mtu anavyomwamini kaka yake.

Na huu mswada wa masoko ulikuwa na kifungu cha kumi na tisa. Kifungu hicho kilisema kwamba nafasi ya kuuzia sokoni hairithiwi. Aliyeandikishwa akifariki, nafasi inarudi kwa jimbo, na jimbo litaikabidhi kwa kampuni litakayoichagua. Maneno yenyewe yalikuwa machache, yamefichwa katikati ya habari za mifereji ya maji machafu. Lakini kibanda cha Grâce kilikuwa bado kwa jina la mama yao, aliyezikwa zamani. Cha Mama Flavia kilikuwa kwa jina la mumewe, marehemu pia. Nusu ya soko lile iliandikishwa kwa majina ya wafu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia wabadilishe, na ofisi ya kubadilishia ilikuwa imefungwa siku zote.

Ndani ya metro, treni ya chini ya ardhi, alisimama njia nzima ingawa viti vilikuwepo. Alijaribu kumtetea Athanase moyoni: labda ni watu wa redio, labda hajui. Alipofika Zhanqian, akapita katikati ya wachukuzi na mikokoteni yao ya marobota, bado alikuwa anamtafutia udhuru.

Udhuru ulimwisha mlangoni. Ndani ya ofisi, Athanase alikuwa ameketi na mgeni aliyevaa suti ya buluu, wanakunywa chai. Sakafuni palikuwa na vipande vya milango ya chuma ya kukunjwa, ile ya maduka, rangi tatu tofauti, kila kimoja kina karatasi ya kiwanda. Mgeni alikuwa mheshimiwa Wilfried, mbunge wa jimbo. Ndiye aliyeuleta mswada.

"Tazama nani amefika!" Athanase alisimama, mikono wazi. "Mheshimiwa, huyu ndiye mama Scholastique mwenyewe. Sauti ya jimbo!"

"Mama, hongera," alisema Wilfried. "Umetusaidia sana."

Scholastique hakuketi. "Hii milango ni ya nini?"

"Ya soko jipya," Wilfried alijibu bila wasiwasi. "Kampuni inataka kuanza mapema. Athanase atatusafirishia kupitia bandari ya Nansha."

"Kampuni gani? Mswada haujapigiwa kura."

Wilfried alikunywa chai. Athanase akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka mazungumzo yahame.

"Papa Athanase," alisema Scholastique, "nani amekata sauti yangu?"

"Dada, redio inataka dakika moja. Wewe ulizungumza dakika nane. Watu wa soko wana kazi, hawawezi kusikiliza—"

"Nani amekata?"

"Mimi nilipunguza tu. Sikuongeza hata neno moja. Yote ni maneno yako."

"Ulitoa 'wanaouleta wanasema kwamba'. Maneno matatu! Umenifanya niseme kwa kinywa changu kitu ninachokipinga. Mdogo wangu ametia dole gumba kuwapa watu hawa kibanda cha mama yetu, na ametia akinishangilia!"

"Usipandishe sauti, kuna mgeni."

"Mgeni ndiye huyu ninayemwambia!"

Wilfried aliweka kikombe chini. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomchoma Scholastique zaidi. "Mama, wewe ni msomi, unaelewa. Sheria ni kitu kigumu. Ukimweleza mama wa soko vifungu vyote, unamchanganya kichwa. Watu wetu wanahitaji kitu chepesi."

"Chepesi!" Scholastique alimsogelea. "Mama wa soko anajua bei ya kila kitenge ya mwaka huu na mwaka jana. Anajua nani anamkopa na nani anamdanganya. Kifungu kimoja kitamshinda? Hakimshindi. Ninyi ndio mnaogopa akielewa."

Alitoa simu hapo hapo, mbele yao, akaanza kurekodi. Alikisoma kifungu cha kumi na tisa kwa Kiswahili, chote. Akasema sauti iliyopigwa sokoni ilikatwa na Athanase. Akasema yuko ofisini kwa Athanase sasa hivi, na mheshimiwa Wilfried yuko mbele yake, na milango ya soko jipya iko sakafuni. Athanase alinyoosha mkono kumzuia.

"Nishike uone," alisema Scholastique, na hilo nalo likaingia kwenye rekodi.

Alimtumia Grâce kabla hajafika barabarani.

Alidhani mambo yangeishia hapo. Asubuhi ya pili Grâce alipiga, na safari hii hakukuwa na furaha.

"Yaya, unanitia aibu. Juzi mswada ni mzuri, leo ni mbaya. Bamama wanauliza umelipwa na nani. Wanasema labda una ugomvi na Athanase wa mambo ya mizigo."

"Grâce, nilikuambia walikata!"

"Ulisema. Lakini sauti hii ni yako na ile ni yako. Sisi tutajuaje ipi ni ya kweli?"

Scholastique alikaribia kukata simu. Alitaka kumfokea. Mtoto aliyembeba mgongoni anamwuliza kama amelipwa! Lakini alipotulia aliona kwamba mdogo wake hakukosea. Angekuwa yeye amekaa kwenye kibanda kile, angeuliza hivyo hivyo. Hasira yake ikageuka, ikarudi kwa Athanase ikiwa na uzito maradufu. Hakumwibia sauti tu. Alikuwa amemharibia jina kiasi kwamba hata ukweli, ukitoka kinywani mwake, ulinuka.

"Basi usiwachezee sauti yangu tena," alisema hatimaye. "Usitaje hata jina langu. Pita kibanda kwa kibanda, uliza kitu kimoja: hapa pameandikishwa kwa jina la nani, na mtu huyo yu hai?"

"Halafu?"

"Anza na chetu."

Scholastique alisikia kelele za soko nyuma ya mdogo wake, mtu ananadi nyanya, pikipiki inapita.

"Ni kwa jina la mama," alisema Grâce polepole.

"Ndiyo. Sasa mtafute mtu yeyote anayesoma Kifaransa, msiyemdhania kuwa wangu. Mwambie awasomee kifungu cha kumi na tisa tu."

Grâce alimtafuta padri wa parokia, mtu ambaye hakuwahi kumsikia Scholastique maishani. Padri alisoma, akasoma tena, akavua miwani. Baada ya hapo hapakuhitajika gari la spika. Swali lilitembea lenyewe sokoni: kwa jina la nani, na yu hai? Mama Flavia alipoulizwa alikaa chini juu ya gunia la mchele, akasema mumewe hajatulia kaburini na tayari wanamtafuta kumnyang'anya. Kisha akainuka, akafunga kibanda, akaenda kuwaamsha wa upande wa samaki.

Siku ya kura walilijaza lango la Bunge. Walikwenda na picha za marehemu wao, zile za fremu zinazotundikwa sebuleni, wakaziinua juu wabunge walipokuwa wanashuka kwenye magari. Polisi waliwasukuma, Grâce alianguka akachanika goti, lakini picha ya mama yao hakuiachia. Wabunge waliokuwa tayari kupitisha walianza kunong'onezana. Jioni kifungu cha kumi na tisa kilifutwa, na jimbo likaamriwa kufungua ile ofisi ili wauzaji waandikishwe upya. Mswada uliobaki ukapita. Wilfried, aliyekuwa amerudi nyumbani kwa kura hiyo, alisema redioni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza marekebisho, kwa kuwasikiliza mama zake.

Athanase naye aliandika kwenye kundi la chama: "Tumpongeze mama Scholastique. Sisi watu wa Guangzhou tumefanya kazi nzuri." Watu wakamwaga makofi. Hakuna aliyeuliza kitu.

Scholastique alikodi gari dogo la mizigo, akaenda ghalani kwa Athanase kutoa marobota yake yote. Athanase alisimama mlangoni, mikono mfukoni.

"Dada, mambo yameisha vizuri. Kifungu kimefutwa. Tumalize kama ndugu."

"Goti la Grâce limeshonwa," alijibu. "Nenda redioni uwaambie ulichokata na ulimkatia nani. Ndipo uniite dada."

"Unataka niaibike nchi nzima?"

"Mimi ulipoamua niaibike soko zima, uliniuliza?"

Scholastique alimwashiria dereva, robota la mwisho likapanda, na tangu siku hiyo mizigo yake ilipita kwa wakala mwingine, Mtanzania mmoja aliyeitwa Vedasto, ambaye hakuwa mwepesi kama Athanase lakini hakupenda maneno.

Maelezo ya miswada aliendelea nayo. Uliofuata ulikuwa wa ada za hospitali. Aliusoma siku nzima, akarekodi maelezo, akayatuma moja kwa moja kwa Grâce. Jibu la sokoni lilikuja kwa sauti ya Mama Flavia, ya heshima, ya mtu anayeogopa kumkwaza mwenzake:

"Mama Scholastique, merci sana. Tunauliza tu. Hii ni nzima?"

Alilisikiliza swali hilo kwenye kituo cha metro, watu wanampita kushoto na kulia. Zamani hawakuuliza. Jina la Athanase likampanda mdomoni pamoja na tusi ambalo hakuwa amelitamka tangu usichana wake. Alilitamka, kwa sauti, na Mchina mzee aliyekuwa mbele yake akageuka kumtazama. Kisha akabonyeza simu.

"Ni nzima, mama," alisema. "Lakini msinitegemee mimi. Mpelekeeni na padri mswada wenyewe, asome."