Aya Isiyotamkwa

"Malizia," alisema Wakili Rushdi, huku akivaa koti.

Hakuna wakili hapa Mansura anayemtamkia mpiga chapa aya ya mwisho ya rufaa. Anasema malizia, basi. Ibtihal, mpiga chapa katika duka lililo mkabala na mahakama, alikuwa amejipangia vitufe vya kompyuta yake tangu miaka sita iliyopita: kubana vitufe viwili pamoja na namba tatu huleta ombi la mpangaji, viwili na namba sita huleta la mwenye nyumba. Akabana, aya nzima ikajiandika, akachapisha. Wakili akatia sahihi bila kusoma, akaondoka na mteja wake, Mama Insaf, mjane aliyekuwa akifukuzwa kwenye nyumba aliyoishi miaka arobaini. Ilikuwa siku ya mwisho ya kukata rufaa, na dirisha la masijala hufungwa saa nane kamili.

Saa nane kasorobo Haji Wagih, mwenye duka, akamsogelea akijichekea.

"Umeonaje? Asubuhi nimekupangia vitufe upya. Sasa kompyuta zote sawa na yangu."

"Umepangaje, Haji?"

"Tatu ya mwenye nyumba, sita ya mpangaji. Wenye majumba ndio wateja, binti. Mpangaji ana nini zaidi ya machozi?"

Ibtihal alifungua faili la rufaa ile. *Tunaomba mahakama iamuru mpangaji atolewe mara moja.* Mama wa watu alikuwa amekwenda kuomba afukuzwe, tena kwa sahihi ya wakili wake!

Printa ilikuwa ikitema mkataba wa Haji wa kurasa sitini; hapakuwa na muda wa kuchapisha upya. Ibtihal akanyakua kalamu, akatoka mbio.

"We! Unakwenda wapi?" Haji alifoka nyuma yake.

Pale dirishani karani alikwishainua muhuri.

"Usigonge!"

"Dada, foleni!" watu wakamzomea.

Akaeleza huku akihema. Wakili akaisoma aya ile kwa mara ya kwanza. Karani akatazama saa.

"Dakika nne. Futeni, andikeni kwa mkono, wakili asaini pembeni. Halafu mimi nafunga."

Ibtihal akaifuta aya yote. Kisha kalamu ikasimama. Mazoea yana taabu: miaka sita vidole vilikuwa vikiyaleta maneno yale, na kichwani hakuwa nalo hata moja. Aliona aibu mpaka machozi yakamlenga. Akamtazama wakili.

"Tunaiomba mahakama tukufu... iridhie..." Wakili akakwama. "Si wewe ndiye unayemaliziaga?"

"Zimebaki mbili," akasema karani.

Mama Insaf, ambaye tangu asubuhi hakuna aliyemuuliza kitu, akamwinamia Ibtihal.

"Andika, mwanangu: naomba nibaki nyumbani kwangu."

Ibtihal akaandika hivyo hivyo. Wakili akasaini pembeni. Karani akausoma mstari ule mara mbili, akamtazama yule mama, kisha akagonga muhuri.