Namba Iliyobaki Ukurasani

Chuo chetu kina kurasa tatu za uaminifu wa kitaaluma mtandaoni, na zinapingana kama mashahidi waliohongwa. Mpya ni sera ndefu ya kupakua, imeandikwa kwa lugha ambayo hata walioitunga huisoma wakihema. Wa pili una picha ya wanafunzi wanaocheka, sijui wanacheka nini. Wa tatu ni wa zamani, mfupi, maswali na majibu tu. Ndio unaotokea kwanza mtu akitafuta, na ndio wanafunzi wanaousoma. Aliuandika baba yangu.

Baba alikuwa mshauri wa wanafunzi mpaka alipofariki. Mimi ni mtunza tovuti ya chuo hicho hicho. Sera mpya ilipotoka niliomba ukurasa wa baba uondolewe, nikajibiwa kwamba kwa utaratibu wetu ukurasa haufutwi mpaka mwenye ukurasa aidhinishe. Basi mtambo ukawa unamwandikia marehemu barua pepe kila mwezi kumwomba idhini, na kila mwezi unaripoti kuwa jibu lake bado linasubiriwa. Nilipiga kelele kila ofisi. Wakanipiga danadana mpaka sauti ikakauka.

Halafu nikaitwa mbele ya kamati ya nidhamu, nieleze kilichokuwa kwenye tovuti. Mshtakiwa alikuwa binti wa uuguzi, mwaka wa mwisho. Alichukua kurasa kadhaa za ripoti yake mwenyewe ya mwaka uliopita akaziweka kwenye ripoti mpya. Zamani hilo liliruhusiwa. Sera mpya inaliita udanganyifu, na adhabu yake ni kufukuzwa.

Mwenyekiti alimuuliza kama hakusoma sera. Binti akasema alisoma ukurasa alioupata, akabaki na swali, akapiga namba iliyoandikwa chini kwamba ni ya mshauri.

"Akapokea mama mmoja, mpole," alisema. "Nikamweleza. Akaniambia, subiri mwanangu, nimuulize mzee."

"Mzee gani?"

"Sikumsikia. Nilisikia mlango ukifunguliwa, kisha kimya. Mama aliporudi akasema, mzee anasema jasho lako ni lako, hakuna mtu anayejiibia."

Wajumbe wakacheka. Mimi nilishika kiti. Maneno yale nilikua nikiyasikia mezani kwetu, baba akiyasema huku anapuliza chai. Mwenyekiti akasema chuo hakina mshauri wa namna hiyo, kwamba binti anatunga mizuka ili ajiokoe, na kwamba uamuzi utatolewa kesho yake. Binti hakulia. Alikunja mikono tu, akaitazama.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama. Jua lilikuwa bado kali. Katika chumba alichokuwa akifanyia kazi baba, kiti kilikuwa kimevutwa nyuma kidogo, kama mtu amesimama sasa hivi, na miwani yake imefutwa vumbi. Simu yake ilikuwa sebuleni, inachajiwa. Nilidhani laini ile ilikufa pamoja naye.

Nikamuuliza mama kama wanafunzi humpigia. Akasema ndiyo, maskini, wengine wanapiga huku wanatetemeka.

"Na unamuuliza nani majibu?"

"Baba yako. Kwani mimi nilisomea mambo ya chuo?"

"Anakujibu, mama?"

Akanitazama kama ninavyotazamwa nikiwa nimevaa nguo kinyume. "Asingejibu, ningewaambia nini watoto wa watu?"

Nikamweleza kuhusu binti wa uuguzi. Nilimweleza kwa hasira, nakiri, maana nilikuwa naogopa. Niliogopa kwamba mama ameanza kupotea, na niliogopa zaidi kwamba hajapotea. Alisikiliza mpaka mwisho, vidole vikicheza kwenye ukingo wa kanga.

"Baba yako hakuambiwa kuwa sheria imebadilika," akasema. "Mngemwambia."

Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwetu kifo kilikuwa kimeshapita. Asubuhi nilisimama mbele ya kamati nikasema sauti ile ni ya mama yangu, namba ni ya marehemu baba, na chuo ndicho kilichoiacha mtandaoni kikimngoja maiti atie saini. Safari hii hakuna aliyecheka. Mwenyekiti aliuliza na yule mzee aliyeulizwa ni nani. Nikamjibu, ni yule yule mnayemwandikia barua pepe kila mwezi.

Binti aliruhusiwa kuandika ripoti upya. Alinishika mkono pale nje, akaniomba nimfikishie mama shukrani zake, na mzee pia. Ukurasa ulifutwa kabla ya chakula cha mchana. Idhini, ghafla, haikuhitajika tena.

Simu ikanyamaza. Mama hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Nikifika namkuta amekaa karibu nayo, chai imepoa. Jumapili moja akaniomba niilete ile sera mpya, yote, nimsomee mwenyewe.

"Nikusomee wewe?"

"Mimi ya nini? Nenda chumbani kwake. Hawezi kukaa bila kujua, watu wakaja kusema alipotosha watoto."

Nilitaka kugoma. Miguu ikanipeleka. Nikakaa kwenye kigoda, mezani palikuwa na nguo za kupiga pasi, kiti chake kiko mbele yangu. Nikaanza kusoma. Mwanzoni nilisoma haraka, kwa aibu, kama mtoto anayesomeshwa mbele ya wageni. Kisha nikaanza kupunguza mwendo, maana sentensi zile hazieleweki, na baba hakupenda kusomewa kitu kisichoeleweka. Nikawa nasimama kila kifungu, namfafanulia kwa maneno ya kawaida, kama alivyokuwa akinifafanulia mimi hesabu.

Nikafika kwenye kifungu kilichotaka kumfukuzisha yule binti. Nikamwambia, baba, hiki mimi naona si haki, wewe unaonaje?

Nikanyamaza ili ajibu. Hamu ya baba ilinishika kuliko siku tuliyomzika, na sikuthubutu hata kugeuza karatasi, nisije nikamkatiza.